Homa isiyosikia dawa, kigaga cheusi pajani, na kupe ukutani

Barua

Assalaam aleikum wenye safu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Likoni, na sasa nina mimba ya miezi mitano. Mume wangu ni mchuuzi wa mbuzi. Huwanunua kwa wafugaji huko Kinango na Samburu, huwapeleka mnadani Mariakani, na wanaobaki huja nao nyumbani tukawafunga uani mpaka wapate mteja.

Aliporudi safari yake ya mwisho alikuwa na kupe wadogo wadogo miguuni na kiunoni. Akawabandua na kuwaponda kwa kucha kama afanyavyo siku zote. Baada ya kama wiki moja akashikwa na homa, kichwa kikimgonga, shingo na mgongo vikimkaza, na mtoki ukamtoka kinenani hata akawa anachechemea. Tukaenda kliniki ya jirani. Walimpima malaria, haikuonekana. Hata hivyo akapewa dawa ya malaria na amoksilini, tukaambiwa huenda ni taifodi. Dawa ya malaria ameimaliza na homa iko pale pale. Juzi nikimkanda nikaona pajani kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, na kingine nyuma ya goti. Anasema haviumi, ndiyo maana hakuvitaja.

La pili ni kijana wetu wa miaka sita. Mwenye nyumba ana mbwa wa ulinzi anayelala mlangoni petu, na tangu joto hili la kaskazi lianze kupe wanapanda ukutani hadi darini. Mmoja tulimkuta amemng'ang'ania mtoto nyuma ya sikio. Mavyaa akamtia mafuta ya taa, kisha akamng'oa, lakini tunadhani kichwa kilibaki ndani. Mtoto anacheza, hana homa.

Wifi yangu yuko Marekani. Ameniambia kwa simu kwamba huo ni ugonjwa wa Lyme, usipotibiwa mapema mtu hubaki na maumivu miaka na miaka, na tudai kipimo chake. Mavyaa naye anataka mbwa atiliwe sumu. Nisaidieni: ni Lyme kweli? Mume wangu anaweza kuniambukiza mimi na kilicho tumboni? Mtoto apewe dawa ya kujikinga? Kupe wa nyumbani tuwatoeje? Na maziwa ya mbuzi tunayokunywa je?

Mama Wawili, Likoni

Jibu

Waaleikum salaam, dada yetu.

Mumeo arudi kwa daktari leo, na aende amevaa kikoi, maana jambo la kwanza atakalofanya akiingia ni kufunua paja. Kabla hajaulizwa kitu aseme: niliumwa na kupe tarehe fulani nikiwa malishoni, homa ilianza tarehe fulani, na vigaga vyenyewe ni hivi. Sisi hatujamwona, na anayemshika mgonjwa ndiye mwenye neno la mwisho. Lakini kupe, homa baada ya kama wiki, mtoki, na vigaga vyeusi visivyouma, hayo manne yakikutana kwa mtu mmoja, ugonjwa wa kufikiriwa mwanzo ni homa ya kupe inayoletwa na bakteria wa jamii ya riketsia.

Kigaga kile hutokea hivi. Kupe akinyonya damu hutema mate, na riketsia huingia pamoja na mate hayo. Bakteria hawa hawaogelei katika damu kama wengine. Hujipenyeza ndani ya seli zinazotandika mishipa midogo ya damu na kuzaana humo. Pale kupe alipouma mishipa huharibika, damu haipiti, na ngozi ya mahali hapo hufa ikawa nyeusi. Hakuna usaha, na maumivu ni kidogo au hakuna kabisa, kwa hiyo mgonjwa hakitaji na daktari asiyemvua nguo hakioni. Kutoka hapo riketsia husafiri hadi kwenye tezi iliyo karibu, na aliyeumwa mguuni hutokwa na mtoki kinenani. Tafuteni vingine mwili mzima: kwenye mkunjo wa makalio, kwapani, kitovuni, mstari wa ukanda wa suruali, kichwani ndani ya nywele. Upele pia huweza kutokea, ila kwenye ngozi nyeusi hauonekani kwa urahisi. Uangalieni viganjani na kwenye nyayo, na papasa mgongo kwa vidole.

Kwa mtu aliyetoka kutembea katika nyasi na mifugo, mshukiwa mkubwa anaitwa Rickettsia africae. Bakteria huyu huletwa na kupe wakubwa wa ng'ombe na mbuzi, wale wenye gamba la rangirangi na miguu yenye pete nyeupe au za manjano, na pia na watoto wao ambao ni wadogo kama punje ya mchanga. Hao wadogo humvamia mtu wengi kwa pamoja, ndiyo sababu ya vigaga viwili au zaidi. Homa huanza kati ya siku 5 na 10 tangu kuumwa. Bakteria huyu alipatikana kwa mgonjwa huko Zimbabwe mwaka 1992 na kupewa jina lake mwaka 1996, wala si nadra: miongoni mwa wasafiri wanaorudi kwao wakiwa na homa kutoka Afrika kusini mwa Sahara, ugonjwa huu ni wa pili baada ya malaria. Mtalii akirudi kwao na kigaga hupata jina la ugonjwa wake, na mchuuzi wa mbuzi aliyeumwa na kupe yule yule hupewa dawa ya malaria. Tofauti mara nyingi si mashine. Ni kuwa mmoja aliulizwa alikokuwa, na mwingine hakuulizwa.

Kupimwa malaria kulikuwa sahihi. Kwetu Pwani kila homa ipimwe malaria, hata mwenye homa akiwa na kupe mkononi. Kosa ni kuendelea kumtibu malaria baada ya kipimo kukataa, bila kuuliza ni nini basi. Dawa ya malaria haimgusi riketsia. Amoksilini nayo haimsaidii, kwa sababu dawa za jamii ya penisilini hazina nguvu juu ya bakteria anayejificha ndani ya seli. Na akiandikiwa Septrin, akatae kwa adabu na aulize tena: dawa za salfa zimeonekana kuzidisha ukali wa magonjwa ya riketsia.

Dawa yake ni doksisiklini, ya bei nafuu na ipo karibu kila duka la dawa. Kwa mtu mzima kawaida ni miligramu 100 asubuhi na miligramu 100 jioni, kwa siku 5 hadi 7, na isikatwe kabla ya kupita siku 3 kamili bila homa. Ameze baada ya chakula kwa glasi nzima ya maji, kisha asilale kwa muda wa nusu saa. Kidonge hiki kikikwama kooni huunguza. Asikimeze pamoja na vidonge vyako vya madini ya chuma wala dawa ya kiungulia, maana huzuia kisiingie mwilini. Apishanishe saa mbili au tatu. Na siku hizo ajifunike na jua, kwani ngozi huungua upesi.

Hapa pana faida ya pili ambayo wengi hawaijui. Riketsia husalimu amri upesi kwa dawa hii. Homa huanza kushuka ndani ya saa 48. Ikifika saa 72 na bado inawaka, basi ama ugonjwa ni mwingine ama kuna jambo la ziada, na arudi akachunguzwe upya badala ya kuongezewa dozi. Msitegemee kipimo cha damu kuamua mapema. Chembe za kinga zinazotafutwa na vipimo vya riketsia kwa kawaida hazijajitokeza wiki ya kwanza, kwa hiyo jibu la "hakuna" siku ya tano halimaanishi hakuna. Madaktari wanaoujua ugonjwa huu huanza dawa kwa kuona kigaga na kusikia habari ya kupe.

Kuna swali moja ambalo ni lazima mumeo alijibu kwa ukweli hata kama litamfedhehesha: je, katika siku hizo alichinja, kuchuna au kubeba nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe? Kimeta nacho hutoa kigaga cheusi kisichouma. Chake kwa kawaida hukaa mkononi, shingoni au usoni, na ngozi inayokizunguka huvimba sana na kutoa malengelenge ya maji. Matibabu yake yana mpango tofauti, na mifugo iliyohusika hutolewa taarifa. Vigaga vya pajani na nyuma ya goti, baada ya kupe, havielekei huko, lakini mtu wa mbuzi asiache kuulizwa. Hali kadhalika, homa ya mchuuzi wa mifugo isiyokwisha kwa wiki kadhaa, yenye jasho la usiku na maumivu ya viungo, ipimwe bruselosi, ugonjwa wa bakteria ambao mtu huupata kwa mifugo na maziwa yasiyochemshwa.

Akichanganyikiwa, akishindwa kupumua vizuri, akitapika kila anachomeza, akitokwa na damu fizini au puani, akikosa mkojo au macho yakigeuka manjano, hapo ni hospitali kubwa yenye kulaza, saa ile ile. Homa ya Rickettsia africae peke yake haina sifa ya kuua. Tunataja dalili hizi kwa sababu hatuna hakika kuwa ni hiyo, na kwa sababu ndugu yake, ambaye tutamfikia kwa habari ya mbwa, ana sifa hiyo.

Wifi yako tunamwelewa, ana haki ya kuogopa kwa jinsi anavyousikia ugonjwa huo huko aliko. Lakini Lyme huletwa na bakteria mwingine, Borrelia burgdorferi, anayebebwa na kupe wa jamii ya Ixodes katika misitu ya nchi za baridi kama Marekani na Ulaya. Dalili yake ya mwanzo ni duara jekundu linalotanuka siku hadi siku, si kigaga cheusi. Kupe wa mbuzi wa Kinango na kupe wa mbwa wa Likoni sio wanaoeneza Lyme. Pesa za kipimo hicho nunueni doksisiklini na kikoleo kizuri cha kung'olea kupe.

Borrelia tuliye naye Afrika Mashariki ni mwingine, na mwenyeji wake ni papasi, yule kupe laini asiye na gamba anayekaa kwenye vumbi la sakafu za udongo na nyufa za kuta. Huuma usiku, hunyonya kwa dakika chache, kisha hurudi shimoni, na aliyelala hajui kitu. Homa ya papasi huja kwa siku chache, hukatika kwa kama wiki, kisha hurudi, na nchini Tanzania imejulikana sana, hasa upande wa Dodoma. Bakteria wake huonekana kwa darubini katika tone la damu lililochukuliwa wakati homa imepanda, na anayetazama slaidi ya malaria anaweza kumwona humo humo. Kwa mjamzito ni ugonjwa mbaya, huweza kuharibu mimba au kumuua mtoto mchanga. Kwa hiyo ukisafiri kwenda shamba, usilale sakafuni kwenye nyumba ya udongo. Kitanda kiwe mbali na ukuta na chandarua kichomekwe chini ya godoro.

Kuhusu wewe sasa. Homa ya riketsia haiambukizwi kwa kulala kitanda kimoja, kwa jasho wala kwa kula sahani moja. Mumeo si hatari kwako. Hatari ni kupe, na mkanganyiko wa dawa: usionje doksisiklini yake eti kujikinga, kwa mjamzito haitolewi kiholela. Ukipata homa wewe, usikae hata siku moja nyumbani. Nenda kliniki ya wajawazito, taja kupe na taja mimba. Zipo dawa mbadala kama azithromisini ambazo daktari ataamua.

Lakini katika ua wako kuna jambo ambalo hukuliuliza, nasi tunaliona ni zito kwako kuliko kupe wenyewe. Mbuzi hubeba bakteria aitwaye Coxiella burnetii, mwenye kuleta homa ya Q. Kupe huweza kumbeba, ila binadamu humpata zaidi kwa pumzi, kutoka vumbi lililochanganyika na maji ya uzazi, kondo la nyuma na mkojo wa mbuzi. Kwa mjamzito homa hii huweza kuharibu mimba. Mbuzi akizaa au akitupa mimba uani, wewe usisogee, usifagie, usifue nguo za aliyemzalisha. Mumeo avae glovu na afunike pua na mdomo, alizike kondo kwa kina ambacho mbwa hafukui, na amwagie maji mahali hapo kabla ya kufagia ili vumbi lisipande. Maziwa yachemke hadi yapande, kisha yaache dakika kadhaa zaidi motoni. Hilo huua Coxiella na bruselosi kwa pamoja. Ya kukamuliwa na kunywewa hapo hapo yakiwa vuguvugu, hapana, hata yakisifiwa vipi.

Mtoto hahitaji dawa ya kujikinga. Kwa homa hizi, kupewa vidonge kwa sababu tu ya kuumwa na kupe si utaratibu unaokubalika. Anachohitaji ni macho yenu kwa wiki 2: andikeni tarehe aliyoumwa kwenye kalenda, mguseni paji kila jioni, na tazameni nyuma ya sikio kama pameota kigaga au tezi ya shingo imevimba. Homa ikija, daktari anaweza kumpa doksisiklini hata akiwa na miaka sita. Hofu ya zamani ya kubadilika rangi ya meno haikuthibitika kwa dozi fupi kama hii. Hupimwa kwa uzito, miligramu 2.2 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, kwa hiyo lazima apimwe kilo kwanza. Kichwa mnachodhani kilibaki ni sehemu za mdomo tu. Zisichokolewe kwa sindano, ngozi itazisukuma nje yenyewe. Osheni kwa sabuni, basi.

Mafuta ya taa ndiyo ya kuachwa, pamoja na vaselini na njiti ya kiberiti iliyozimwa. Mwambie mavyaa kwa upole kwamba hakufanya kwa ubaya, wengi wetu tulilelewa hivyo. Sababu ya kuyaacha ni kwamba kupe akichokozwa huweza kutapika mate yake ndani ya kidonda, na mate ndiyo yenye bakteria. Tumieni kikoleo chenye ncha nyembamba, kama kile cha kung'olea nyusi. Mshikeni kupe karibu kabisa na ngozi, mdomoni si tumboni, kisha vuteni moja kwa moja kuelekea juu, kwa nguvu isiyobadilika, bila kuzungusha wala kushtua. Atachelewa kidogo kuachia, vumilieni. Mtumbukizeni kwenye chupa yenye spiriti ya hospitali au kwenye maji yanayochemka, osheni pale na mikono. Kwa kawaida kupe huhitaji saa kadhaa za kunyonya kabla ya kuambukiza, na ndiyo maana ukaguzi wa kila jioni, kichwani, nyuma ya masikio, kwapani na kinenani, una faida kuliko dawa nyingi.

Na kule kuponda kwa kucha mumeo akome. Majimaji ya kupe aliyepondwa huingia kwenye mchubuko wa kidole, au jichoni akijipangusa. Awe na kichupa cha spiriti mfukoni. Akienda malishoni avae suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, na ajipake dawa ya kufukuza wadudu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30 vifundoni na mikononi. Nguo akirudi ziloweshwe kwa maji ya moto sana, kwa sababu kupe hustahimili kufuliwa kwa maji baridi na Omo. Mbuzi wanyunyiziwe kule kule kabla ya kupandishwa garini, si baada ya kufika uani kwako. Amitrazi, dawa ya kuua kupe, ile ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa kila lita 1 ya maji, ichanganywe siku ile ile ya kutumika, na mbuzi aloweshwe mpaka dawa idondoke. Wengi hunyunyizia mgongo tu, mahali ambapo kupe hawapo. Pelekeni pampu ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele na korodani, na katikati ya kwato. Kibandiko cha chupa kinaeleza siku za kungoja kabla ya kuchinja au kukamua. Kwa anayeuza mbuzi wa nyama hilo ni jambo la amana.

Sasa mbwa. Kupe wanaopanda ukuta wako si wale wa Kinango. Huyu ni kupe wa kahawia wa mbwa, na maisha yake yote, kutoka yai hadi utu uzima, huweza kuyamaliza ndani ya nyumba bila kuona nyasi. Tabia yake ni kupanda juu kutafuta ufa. Jike mmoja aliyeshiba hushuka kwa mbwa, huingia ufani na kutaga mayai yafikayo maelfu, kisha hufa. Ndiye mbebaji wa Rickettsia conorii, ndugu tuliyemtaja hapo juu, ambaye kwa kawaida huacha kigaga kimoja tu na huweza kuwa mkali kwa wazee, wenye kisukari na walevi. Imeonekana pia kwamba joto likizidi, kupe huyu ambaye kwa asili hapendi binadamu huwa mwepesi wa kumshika. Kwa hiyo huko kupanda kwao msimu wa kaskazi si bahati mbaya.

Sumu kwa mbwa ingewadhuru nyinyi. Mbwa akiondoka leo, kupe walioko ukutani hawaondoki naye. Wakubwa wao huweza kukaa miezi bila kula, na wakizidiwa na njaa chakula kilicho karibu ni mtoto wako. Mbwa aliyetibiwa ni mtego: kila kupe anayempanda hufa. Mshaurini mwenye nyumba achukue kwa daktari wa mifugo kidonge cha kumeza cha kuua kupe, kinachofanya kazi kwa mwezi 1 hadi 3 kulingana na aina. Kinafichwa ndani ya kipande cha nyama, na hakuna mtu wa nyumba yenu anayelazimika kumgusa mbwa. Gharama yake ni kubwa kuliko ya dawa ya kuogesha, tunakubali, lakini kumwogesha mbwa wa ulinzi kila wiki mbili ni kazi ambayo watu huianza na kuiacha. Akichagua kuogesha kwa amitrazi, asimwogeshe mtoto wa mbwa wa chini ya miezi minne, amwache akauke bila kusuuza, na paka wa mtaa wazuiwe wasilambe maji yaliyomwagika. Amitrazi, na pia pemethrini ambayo ni dawa nyingine ya kuua wadudu, ni sumu kwa paka.

Mbwa akishatibiwa, na si kabla, ndipo mgeukie nyumba. Fundi anyunyizie nyufa, viungo vya ukuta na dari, nyuma ya fremu za milango na pale mbwa anapolala. Kumwagia dawa katikati ya sakafu ni hasara. Wewe na watoto mtoke, vyombo na maji ya kunywa vifunikwe, msirudi mpaka pakauke na kupata hewa. Dawa haiui mayai, hivyo rudieni baada ya wiki 2 hadi 3, na mara ya tatu baada ya muda kama huo. Watu wengi hukata tamaa mara ya kwanza wanapowaona wachanga wapya wakitambaa, wakadhani wameuziwa dawa feki na agroveti. Wale ni mayai ya zamani yanayoanguliwa. Katikati ya hizo mara, nyufa zizibwe kwa saruji, mikeka ianikwe juani na kukung'utwa nje, na kitanda cha mtoto kisogezwe mbali na ukuta kikiwa na chandarua kilichochomekwa. Mwenye nyumba akisema hiyo ya kuziba nyufa ni kazi ya mpangaji, mwonyesheni kwamba wapangaji wa chumba cha pili nao wanapandiwa na kupe hao hao, mkachangie saruji pamoja.